Kuomboleza kwa wimbo na penseli jijini Nairobi: mwongozo kamili kwa aliyerudi mjini baada ya mazishi

Matanga ya Mnairobi yana tatizo lake: huishia nyumbani mashambani, na mfiwa hurudi mjini peke yake. Kule kulikuwa na turubai, sufuria za chai, kwaya, na watu wa kukushika mkono. Jumatatu asubuhi uko kwenye foleni ya magari ya Jogoo Road, kundi la WhatsApp la michango limenyamaza, na mwenzako kazini anauliza kama ile ripoti iko tayari. Huzuni ndiyo kwanza inafungua mizigo.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Baba yangu tulimzika Shinyalu, Kakamega. Niliporudi kwenye bedsita yangu Umoja nilijipigia nyimbo za furaha kwa sauti ya juu ili nipone upesi. Ilinichukua miezi kutambua kwamba nilikuwa nimeanzia mwisho. Nitakueleza nilivyopanga upya, kwa mfuatano unaoweza kuufuata hata kama hujui kuimba wala kuchora. Pesa inayohitajika ni kidogo. Kinachohitajika zaidi ni saa moja kwa wiki ambayo hutamwachia mtu mwingine.

Kabla ya hatua yoyote: okoa sauti yake

Fanya hili wiki hii. Fungua mazungumzo yako na marehemu kwenye simu, tafuta jumbe zote za sauti, kisha uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe na uzinakili kwenye flashi. Ziwe mahali pawili, maana simu za Nairobi huibwa na flashi hupotea. Kila faili ipe tarehe na maneno mawili ya kukukumbusha: "baba, mvua", "baba, karo". Waulize na ndugu zako. Mara nyingi yule mdogo ndiye mwenye jumbe nyingi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiomba pesa.

Kuhifadhi si kusikiliza. Huna haja ya kubonyeza hata mmoja sasa. Na ujiandae kwa jambo hili: laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, kwa hiyo siku moja unaweza kufungua ile namba ukakuta picha ya kijana usiyemjua kando ya pikipiki.

Za baba nilipata tisa. Ya saba ina sekunde kumi na nne: anauliza kama huku kumenyesha, kisha anasahau kuzima. Unasikia kuku, mlango wa mabati, na nyuma kabisa redio yake ikicheza zilizopendwa. Nitaurudia ujumbe huo.

Hatua ya kwanza: usijipimie huzuni kwa ngazi za watu wengine

Huenda mtu ameshakuambia uko "kwenye hatua ya hasira". Zile hatua tano za huzuni zinatoka katika kitabu cha daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na yeye alikuwa akiandika kuhusu wagonjwa wanaokaribia kufa, si kuhusu sisi tuliobaki. Mimi hunifaa zaidi maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti waliofanya kazi Uholanzi, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko kwenye msiba wenyewe, saa ijayo anatafuta mtungi wa gesi, kisha anarudi. Kule kwenda na kurudi ndiko kuomboleza. Aliyekwama upande mmoja, awe analia tu au anafanya kazi tu, ndiye wa kuhurumiwa.

Kwa hiyo muziki tunaoutafuta ni ule wa kukupeleka na kukurudisha.

Hatua ya pili: panga nyimbo kwa ngazi tatu

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa zaidi.

Kila aliyesoma fasihi simulizi katika shule ya upili alikariri aina za nyimbo: mbolezi ni za msiba, bembelezi za kulaza mtoto, hodiya za kazi. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani tukazitupa pamoja na madaftari. Lakini ukizipanga kwa mfuatano huo huo, mbolezi, bembelezi, hodiya, una kile ambacho wataalamu wa tiba ya muziki hukitumia kila siku: anza na muziki unaolingana na hali ya mtu, kisha umsogeze polepole. Ira Altshuler, daktari wa akili huko Marekani, aliifafanua kanuni hiyo katika miaka ya 1940. Ndiyo maana nyimbo zangu za furaha zilishindwa. Nilikuwa chini kabisa, nazo zilikuwa zinaniita kutoka juu ya paa.

Nyumbani walijua. Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu zinazopigwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, na mchezo wake UNESCO iliuweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hupigwa harusini na hupigwa matangani. Kwenye mazishi ya baba nilikuwa nimesimama kando ya turubai nikishika simu. Shangazi alikuja akanivuta mkono.

"Mwanangu, mbona umesimama kama mgeni?"

"Shangazi, sijui kucheza hii."

"Nani amekuuliza kama unajua? Njoo."

Nilicheza vibaya mno. Usiku huo nililala, mara ya kwanza kwa siku sita.

Sasa orodha yako. Chukua karatasi, usianze na simu, na uandike hivi.

Mbolezi nne. Hizi ni nyimbo zinazokukaza koo. Si lazima ziwe za kanisani. Inaweza kuwa tenzi aliyoipenda, benga ya matanga, kasida, au wimbo wa mapenzi wa kipuuzi aliokuwa akiuimba akipiga deki. Kipimo ni kimoja: ukiusikia, unamwona.

Bembelezi nne. Taratibu, za mapigo kama 60 hadi 80 kwa dakika, na ikiwezekana zisizo na maneno au ziwe katika lugha usiyoielewa. Maneno hukuburuta kwenye kumbukumbu, na hapa unataka kupumzishwa. Mimi huweka nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane. Wapigaji husimulia kwamba nyuzi nne ni za siku nne za mwanzo za mtoto wa kiume na nne ni za siku nne za kumlilia mwanamume aliyekufa. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye chombo, kwa hiyo chini ya nyuzi kuna mgongo thabiti kama moyo. Mpigaji nyatiti Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, ni mlango mzuri wa kuingilia.

Hodiya tatu. Nyimbo ambazo zikicheza, mkono wako unaosha vyombo bila kuambiwa. Usichague zinazokuamuru ufurahi.

Jumla ni kama dakika arobaini. Zipakue zote kabla, maana bando likiisha katikati ya mbolezi utabaki unaning'inia. Zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo ovyo. Chagua saa moja ya wiki isiyobadilika. Yangu ni Alhamisi saa mbili usiku, nimeshakula, sahani ziko kwenye karai zinasubiri hodiya.

Yapo makatazo mawili, nayo nimeyalipia. Usisikilize mbolezi kitandani usiku wa manane. Utamaliza nne, utarudia nne, na alfajiri itakukuta hapo. Na usizisikilize ukiwa unakunywa pombe. Baada ya majuma matatu jiulize: nikimaliza orodha, nimechoka kama mtu aliyefua nguo, au nimezama zaidi? Ukizama, punguza mbolezi ziwe mbili, ongeza bembelezi. Ukiona huhisi lolote, mbolezi zako ni za kuigiza. Tafuta zake za kweli.

Hatua ya tatu: imba wewe mwenyewe

Kusikiliza kuna kikomo. Ukiimba, pumzi ya kutoka inakuwa ndefu kuliko ya kuingia, na pumzi ndefu ya kutoka huutuliza mwili na kupunguza kasi ya moyo. Hata kuvumisha mdomo ukiwa umeufunga kunatosha: vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, vumisha kwa hesabu ya sita, mara kumi.

Najua kuta za nyumba zetu. Jirani yangu akikohoa namwambia pole. Basi imba mchele ukichemka, imba bafuni maji yakitiririka (siku ambayo maji yapo), au jiunge na watu ambao kuimba ni desturi yao. Kwaya nyingi za makanisa mtaani hufanya mazoezi Jumamosi alasiri, na hakuna anayekufanyia majaribio. Unaketi nyuma, unafuata sauti ya aliye kando yako. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema kwamba umefiwa, ili wasikupe ubeti wa peke yako siku mbaya.

Ukitaka chombo, Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944 na iliyo kando ya Kenya National Theatre, hufundisha hata watu wazima wanaoanza. Na kama unadhani muziki wa aina hiyo si wa watu wa mitaa yetu, kumbuka Ghetto Classics, mradi wa muziki ulioanza Korogocho mwaka 2008 na kuwapa watoto wa pale fidla na tarumbeta.

Hatua ya nne: chora kitu, usichore uso

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 rangi, udongo na karatasi kwa dakika 45, wakapima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao kabla na baada. Kwa takribani robo tatu yao ilishuka, na ujuzi wa kuchora haukuleta tofauti. Ni utafiti mdogo, usiupe mzigo mkubwa. Lakini dakika 45 ni kipimo kizuri.

Nunua daftari lisilo na mistari na penseli mbili za 2B kwenye duka lolote la vitabu River Road. Sikumaliza shilingi 200. Kisha:

Chagua kitu chake kimoja, kidogo, unachoweza kukiweka mezani. Kikombe, miwani, kiatu. Uso uache, uso ukiuchora vibaya utahisi umemkosea heshima, nawe utalifunga daftari usilifungue tena.

Weka saa dakika 45, simu iwe mbali. Chora mstari wa nje kwanza, polepole kama mchwa anayetembea ukingoni. Tazama kitu zaidi ya karatasi. Usifute.

Mimi nilichora redio ya baba. Antena ilikuwa imekatika zamani, akaweka ubavu wa mwavuli. Kitufe cha sauti kilipotea, pakawa na kifuniko cha chupa ya soda kilichokazwa kwa gundi. Haya niliyajua. Nisichokijua ni kile nilichokiona dakika ya thelathini na kitu, nikichora ile safu ya namba za masafa: namba zote zilisomeka vizuri isipokuwa sehemu moja, upana wa kidole gumba, palipofutika hadi plastiki ikawa nyeupe. Ndipo stesheni yake ilipokuwa. Miaka ishirini ya kidole kimoja. Nilikuwa nimeifuta vumbi redio ile mara ngapi bila kuona?

Mchoro wenyewe ni mbaya, kwa njia. Unafanana na tanuri.

Asiyependa penseli ashone. Shati la marehemu hugeuka foronya nzuri kwa mkono, sindano na uzi tu, au kwa fundi wa mtaani ukimwambia aache vifungo. Ila uliza nyumbani kwanza. Kwa jamii nyingi nguo za marehemu zina siku yake ya kugawanywa na watu wake wa kugawiwa, na foronya haifai kuleta ugomvi wa ukoo.

Hatua ya tano: toka uende ukaone msiba wa wengine ulivyotengenezwa

Mara moja kwa mwezi yatosha. Kanuni yangu ni kazi moja, dakika kumi, nimekaa au nimesimama pale pale. Anayezunguka ukumbi mzima hutoka na miguu inayouma tu. Beba kitambulisho, na uthibitishe saa za kufungua kabla hujapanda matatu.

Ningeanza City Park, Parklands. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa za Afrika. Rafiki yake Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Murumbi mwenyewe alipofariki mwaka 1990, alizikwa hapo City Park karibu na rafiki yake, kama alivyokuwa ametaka. Leo kaburi lake limezungukwa na bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wachongaji wa Afrika. Unaweza kukaa pale na uchungu wa rafiki mmoja kwa mwingine, uliodumu miaka ishirini na mitano, ukiwa umegeuzwa jiwe unaloweza kuligusa. Ficha ndizi. Kima wa City Park hawana heshima kwa mfiwa.

Kisha fuata vitu alivyokusanya. Sehemu iko kwenye ghorofa ya chini ya Kenya National Archives, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Nyingine iko Nairobi Gallery, pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kwenye jengo la mwaka 1913 ambalo zamani lilikuwa ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mimi nilikwenda siku ile ile nilipotoka kufuatilia cheti cha kifo cha baba, bila kujua historia ya jengo. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Msiba wako ukiwa wa ghafla, wa ajali au wa ukatili, nenda August 7th Memorial Park, palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa kwa bomu mwaka 1998. Ukuta pale una majina tu. Kusoma majina ya watu usiowajua kwa sauti ya chini ni zoezi gumu na jema. Lakini nenda na mtu.

Ukitaka kuona mikono ikifanya kazi badala ya vitu vilivyokamilika, kuna Maasai Mbili Kibera, kikundi kilichoanzishwa na waandishi wa mabango ya maduka, na Wajukuu Art Project huko Mukuru, walioonyesha kazi zao kwenye maonyesho ya documenta Ujerumani mwaka 2022.

Wimbo ukikuvamia kwenye matatu

Hili halina ratiba. Uko Muthurwa, matatu imejaa, spika ziko chini ya kiti chako, na ghafla unapigwa ule wimbo. Usimwombe kondakta apunguze sauti, utapata hotuba. Bonyeza miguu sakafuni, tafuta kitu cha kusoma dirishani na ukisome herufi kwa herufi, vumisha pamoja na wimbo kwa pumzi ndefu. Kuvumisha kunakufanya mwimbaji, na mwimbaji hupigwa kidogo kuliko msikilizaji. Ikishindikana shuka stejini inayofuata. Nauli ya pili ni ada ya msiba, iweke kwenye bajeti. Nami nimelia hadharani Nairobi mara tatu. Hakuna aliyeniuliza lolote, isipokuwa mama muuza njugu aliyenipa pakiti akakataa pesa.

Mahali muziki hauwezi

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na inaipa sanaa nafasi kubwa kando ya matibabu. Kando, narudia. Mwongozo wa magonjwa wa shirika hilo hilo unahesabu kuwa ni ugonjwa pale uchungu mkali unapodumu kupita kawaida ya jamii ya mtu, si chini ya miezi sita, na kumzuia kuishi: hali chakula, haendi kazini, hawezi kusema na watu. Hapo tafuta mshauri nasaha au daktari. Ukianza kufikiria kumfuata marehemu, usingoje Alhamisi wala miezi sita. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au mwamshe mtu sasa hivi.

Hatua ya mwisho: utafute wimbo wake

Kwa wengi wa wapendwa wetu waliokufa wakiwa wazee, kuna wimbo mmoja usiojulikana jina. Walioupenda hawakuhitaji jina. Walisubiri redio iupige. Kuutafuta ni kazi ya miezi, na ndiyo sababu ninaipendekeza: inakupa sababu ya kuwapigia watu simu.

Anza na rika lake. Uliza swali dogo, si "alipenda muziki gani" bali "mlicheza nini kwenye harusi ya nani". Waimbie kipande, hata kama umekosea. Wazee hupenda kusahihisha. Andika kila jina wanalotaja. Katika miaka ya 1970 nyimbo nyingi zilirekodiwa na kuuzwa River Road na mitaa ya karibu kwenye santuri ndogo, na mpaka leo santuri za zamani huuzwa Kenyatta Market. Muuzaji mmoja akikosa, mwenzake anakumbuka.

Nami nilipeleka ujumbe wa saba pale, zile sekunde kumi na nne. Muuzaji aliuweka sikioni, akafunga macho, akaurudisha nyuma mara mbili ili kuwaruka kuku.

"Gita hili nalijua," akasema. "Huyu mzee anayeuliza mvua ni nani?"

"Ni baba."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Akaandika kitu kwenye ganda la santuri na kuniambia nirudi Jumamosi, kuna sanduku moja hajalifungua.